Mtoto wa Wiki ya Hesabu

Kilichomtia Subilaga wasiwasi kwanza kilikuwa kamba ya kuanikia nguo. Mjukuu wake Tuganile alikuwa amerudi kutoka mjini na mtoto mchanga, na bibi alipopita nyuma ya nyumba alikuta kambani kanga moja, shuka moja na suruali ya mume wa Tuganile. Nepi haikuwepo hata ya dawa.

Kule Kitema mvua haipiti, inakaa. Nyumba yenye mtoto utaijua kwa nepi zisizokauka. Utaziona juu ya jiko, utaziona zimetundikwa migongoni mwa viti, na mgeni akikaribishwa kuketi ataambiwa asubiri kwanza zitolewe. Nyumba hii ilikuwa kavu kama ya mjane.

Tena nyumba yenyewe ilikuwa kimya. Subilaga alisimama pale na kikapu chake cha magimbi hadi mguu ukaanza kufa ganzi, asisikie kilio wala kikohozi. Mtoto gani huyo anayelala asubuhi, akalala mchana, asiamshwe na njaa wala na kiroboto?

Halafu kulikuwa na hili la tumbo. Tuganile aliondoka wakati wa palizi ya mahindi tumbo limelala kama sinia. Alirudi mahindi hayajavunwa, mtoto mgongoni. Hesabu hiyo hata kuku anayeatamia angeikataa.

Alimwita kwa utani wao wa siku zote. "Mke mwenzangu, mficha uchi hazai. Wewe ulijificha wapi ukazaa?"

"Hospitali, bibi. Siku hizi watu hawazalii migombani."

"Basi nipe nimwogeshe."

Tuganile akatazama chini. Alisema daktari amekataza maji ya majani, amekataza kumnyoosha mtoto viungo, amekataza mikono mingi. Alisema hayo yote akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika mwimo, na bibi aliyemlea tangu akiwa hana meno akarudi kwake na magimbi yake kama mchuuzi aliyekosa mteja.

Kwa watu wa Kitema hilo halikuwa jambo dogo. Mtoto akiingia ukoo, bibi mkubwa ndiye anayemwogesha, kisha anamfunga uzi kiunoni, uzi aliousokota mwenyewe juu ya paja lake. Uzi huo haukatwi na mkono mwingine. Hata ukimbana mtoto, aliyeufunga ndiye anayeitwa, awe mgonjwa, awe mbali. Kumnyima bibi maji ya kumwogesha mtoto ni kumwambia kwamba ukoo si wake.

Usiku ule Subilaga alilala macho juu, akitazama upande wa paa. Kwenye kila paa la Kitema palikuwa na sikio, kidude cha ukubwa wa ngumi kilichofungwa na watu wa Hesabu. Mwaka mzima sikio hulala. Inapofika wiki ya hesabu hufunguka, likasikiliza pumzi za waliomo ndani na kuzipeleka kwenye nguzo iliyosimama uwanja wa shule. Nguzo hujumlisha waliozaliwa na waliohamia, ikatoa waliokufa na waliohama, kisha ikaonyesha tarakimu mbili: ya juu ni kiwango cha ongezeko la watu wa nchi, ya chini ni kiwango cha kijiji. Kikishuka chini ya sifuri, tarakimu huwaka nyekundu.

Nguzo ilishawahi kudanganywa. Vijiji fulani vya ng'ambo ya ziwa viliwahi kununua wanasesere wanaopumua, vikawalaza vitandani wiki nzima. Walipokamatwa, ilitungwa sheria ya shahidi: kila mtoto mchanga lazima ashikwe na bibi mmoja aliyechaguliwa na kijiji, naye aweke kiganja kwenye kibao cha nguzo na kutamka. Kibao husoma jasho na mapigo ya moyo. Mwongo hawezi kukipita.

Shahidi wa Kitema alikuwa Subilaga mwenyewe.

*

Mtendaji wa kijiji, Ambilikile, alikuja kumwona asubuhi. Alikuwa mtu asiyekataa chai, mtu ambaye watu walisema ananusa birika likiwa bado halijachemka. Siku hiyo alikataa. Hapo ndipo Subilaga alipojua kwamba wasiwasi wake una mwenzake.

Mtendaji alianza kwa redio. Mama amesikia? Nchi imepanda. Tarakimu ya juu imevuka sifuri kwa mara ya kwanza tangu mama awe msichana. Huko mjini wamepiga ngoma.

Subilaga alisema amesikia. Hakusema alichofikiri. Mama wa mama yake alikuwa akimsimulia enzi ambazo nchi iliongezeka watu watatu kwa kila mia kila mwaka. Ni wachache kuwasikia, lakini wakiongezeka hivyo kila mwaka, mtoto aliyezaliwa leo hafikishi miaka ishirini na mitano kabla nchi haijawa mara mbili. Shule ya Kitema ilikuwa na zamu ya asubuhi na zamu ya jioni, na bado wengine walikaa chini ya dirisha wakasomea kwa nje. Wakubwa waliogopa wakasema watu wazae kwa mpango. Watatu wakawa wawili, wawili wakawa mmoja, mmoja akawa nusu. Ilipofika pale walipopataka, wakasema basi, na hapo ndipo walipogundua kwamba mteremko hauambiwi basi. Sasa madarasa yale yalikuwa ya kukuzia uyoga.

Na leo anaambiwa nchi imepanda. Imepandia wapi? Yeye hutembea kwa miguu hadi gulioni, hupita vijiji vinne, na njia nzima hakanyagi hata kigari cha mabua kilichosahauliwa na mtoto.

"Mwaka huu ni wetu wa tatu," Ambilikile alisema. "Tukiwa wekundu tena, tunakunjwa. Tunapungukiwa mtu mmoja tu, mama. Mmoja."

Kukunjwa Subilaga alikujua. Aliona Lugombo ilivyokunjwa. Walikuja watu wapole, wakang'oa pampu, wakateremsha nyaya, wakaifunga zahanati, na wazee wakapakiwa wakapelekwa mjini kwenye maghorofa ya kitanda kimoja kimoja. Makaburi yalibaki. Sasa nguruwe pori wanazaliana pale. Nyuma ya migomba ya Subilaga alilala mumewe, na pembeni yake watoto wao watatu, na katikati palikuwa na nafasi aliyoipalilia mwenyewe kila mwezi.

"Mtoto wa Tuganile umemwona wewe?" akauliza.

"Nimemwona."

"Umemshika?"

Ambilikile alitazama birika. Alisema yeye ni mwanaume, si kazi yake kushika watoto wachanga. Akaondoka akisahau mwavuli.

*

Subilaga alikuwa na kitu ambacho vijana wa Kitema hawakuwa nacho: muda. Alichemsha maji na majani, akayamimina kwenye chungu, akakifunika, akaenda kuketi kwenye kizingiti cha Tuganile. Hakubisha. Aliyepita na kumwamkia aliitikiwa marahaba, na aliyeuliza kulikoni alijibiwa, nangoja kumwogesha kitukuu. Maji yalipopoa alirudi kuyapasha, akaja tena kuketi. Kufikia mchana kijiji kizima kilikuwa kimepita njia ile, hata wasiokuwa na safari. Mvua ilipoanza, bibi alijifunika jani la mgomba akaendelea kukaa.

Aibu ina nguvu kuliko kufuli. Tuganile akafungua.

Mtoto alilazwa kitandani, amefunikwa hadi kidevuni, macho wazi yakitazama dari. Subilaga alinyoosha mkono akiwa amejiandaa kushika mpira. Kama ni mwanasesere, angesemaje kwenye kibao? Na akikataa kusema, angeyaachaje makaburi yake?

Ngozi ilikuwa ya moto. Alimfunua, akamwinua, na kile kitoto cha kike kikamkojolea hadi kwenye kiwiko.

Subilaga akacheka peke yake, akacheka hadi machozi. Wasiwasi wa siku zote zile ukamtoka. Aliomba beseni, akamwita mtoto majina yote ya kubembeleza anayoyajua, akamwagia maji kifuani na mgongoni. Kisha akageuza mkono kumsafisha kiuno, na kidole kikakwama.

Kiunoni mwa mtoto kulikuwa na nyuzi tatu.

Wa kwanza ulikuwa wa pamba nyeusi na nyeupe, kama wanavyofunga watu wa kandokando ya ziwa. Wa pili ulikuwa wa katani na mbegu moja nyekundu, wa mkono asioujua. Wa tatu ulikuwa wa gome la mgomba, fundo limegeuzwa kwa ndani, ncha imekatwa kwa meno. Fundo hilo lilikuwa la marehemu mama yake. Katika dunia nzima walibaki watu wawili waliofunga hivyo: yeye, na dada yake Gwantwa aliyeolewa Isange.

Mtoto aliogeshwa na mabibi watatu kabla yake, na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukata uzi wa mwenzake, kila mmoja alifunga wake akauacha wa mwingine.

"Huyu mtoto si wako," Subilaga alisema polepole.

Tuganile alikaa chini sakafuni. Alieleza bila kulia. Mtoto alimpokea mjini kutoka kwenye gari jeupe; yeye alikwenda huko ili ionekane amekwenda kujifungua. Gari litamfuata baada ya hesabu. Wiki ya hesabu haifiki kote siku moja. Inapita nchi kata kwa kata kama mvua, na watoto wanatangulizwa mbele yake. Sikio haliwezi kuwagundua, maana pumzi ya mtoto asiyetimiza mwaka haijatulia, hubadilika kila wiki. Huyu hakuwa peke yake. Nepi zake ni za kutupa, anazichoma jioni. Aliambiwa asimpe jina wala asimzoeshe kubebwa.

"Mbona halii?"

"Walisema wa hivi hawalii, bibi. Wakishapita mikono miwili mitatu wanaacha."

Subilaga alimfunika mtoto haraka, kama mtu aliyeona kidonda.

"Nilikubali kwa ajili yako," Tuganile akasema. "Nilikuona ukipalilia ile nafasi yako. Usije ukafia ghorofani."

*

Jioni Subilaga alimpigia simu dada yake. Waliulizana hali, waliulizana mvua, waliulizana ng'ombe. Kisha akasema amemwogesha mtoto wa Tuganile. Upande wa pili Gwantwa akaguna.

Gwantwa hakukana. Alisema alijua tangu siku alipofunga fundo lile kwamba likipita Kitema litaonekana, na bado mkono ulikataa kumwacha mtoto aende bila uzi. Alisema Isange kuna wazee wengi kuliko Kitema, wengine hawainuki kitandani. Mama wa mtoto ni nani, hakuuliza. Nani anayepeleka magari, hakuuliza pia, ila yana namba za serikali.

"Uliapaje kwenye kibao, dada?"

"Nilisema maneno yaleyale. Nimemshika, yu hai, yumo kijijini. Yote kweli, mdogo wangu. Waliotunga kiapo hawakuuliza zaidi."

Hapo ndipo Subilaga alipouona ujanja mzima. Wenye tarakimu ya juu walihitaji ipande, wenye tarakimu ya chini walihitaji isishuke, na katikati kulikuwa na mtoto anayezungushwa kama ungo wa kuazima. Hakuna aliyesema uongo. Ndiyo maana kibao hakikumkamata mtu.

"Ukifungua mdomo," Gwantwa alisema, "mimi ndiye nitakayekunjwa kwanza. Ulijue hilo."

Subilaga akajibu kwamba analijua.

*

Siku ya shahidi watu walijaa uwanja wa shule. Wanawake walivaa vitenge vya sherehe, vigelegele vilikuwa tayari kooni. Gari jeupe lilikuwa limeegeshwa kando ya darasa la uyoga, dereva amelaza kiti. Kumbe walikuwa hawangoji hata jua lizame.

Ambilikile alimsogelea Subilaga na kumnong'oneza kwamba asiogope, hatasema uongo hata neno moja. Bibi akamjibu kwamba hilo ndilo linalomwogopesha. Akamuuliza gari linaelekea wapi kutoka hapa. Mtendaji alisita, kisha akataja Kibumbe, kijiji cha juu. Kule kuna wazee nao, mama, wanamngoja.

"Wazee wana midomo," Subilaga akasema. "Wakiumia watasema wanaumia wapi."

Tuganile alimkabidhi mtoto. Bibi alimfunga mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, akakaza fundo mara mbili, na Tuganile aliyetegemea kwamba mtoto atapakatwa kidogo tu na kurudishwa akarudi nyuma hatua moja, akaelewa.

Kiganja kikawekwa kwenye kibao. Nguzo ikauliza kwa sauti yake ya upole isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke. Subilaga akatamka: nimemshika, yu hai, yumo kijijini. Taa ya kijani ikawaka. Tarakimu ya chini ikapanda kutoka nyekundu hadi sifuri, nyeupe, imetulia. Kitema kimepona. Vigelegele vikapasuka.

Nguzo ikauliza, kama inavyouliza kila mara na kila mara mashahidi huondoka bila kujibu, kama shahidi ana neno la kuongeza. Neno la nyongeza, kwa sheria, husikika kwenye nguzo zote za nchi, na shahidi yeyote akiweka kiganja kwenye kibao chake anaweza kulijibu.

Subilaga hakuondoa kiganja.

Alifikiria ile nafasi nyuma ya migomba. Alifikiria Gwantwa, ambaye utotoni alikuwa akimtafunia mua wakati Subilaga meno ya mbele yalikuwa yameng'oka. Angeweza kunyamaza, na moyo wake usingepiga tofauti. Mgongoni mtoto alikuwa ameegemeza shavu, lakini mikono yake miwili ilining'inia tu. Haikuwa imeshika kitu. Mtoto aliyebebwa hushika nguo. Huyu alikuwa hajui kama inafaa kushika.

"Ninalo," akasema.

Vigelegele vikakatika.

"Mtoto huyu ameshahesabiwa Isange, na kabla ya Isange mahali pengine, na kabla ya hapo ziwani. Kote huko mfuteni. Hapa mkitaka mfuteni pia, nguzo yenu inajua kutoa. Lakini haondoki tena. Mimi ni Subilaga wa Kitema, mlezi wake ni mimi, na nikifa ni huyu mjukuu wangu Tuganile. Jina lake ni Ikupa. Mabibi wenzangu mnaonisikia, mnawajua watoto mliowafunga nyuzi. Semeni walipo."

Kibao kilisoma jasho lake, kikasoma moyo wake. Taa ikabaki kijani.

Dereva alikuwa ameshuka kwenye gari. Alitazama watu, akamtazama mtendaji. Ambilikile alikunja uso, kisha akaenda kusimama mbele ya mlango wa gari akiwa ameipa nguzo mgongo, kwa mwili wake mkubwa, na dereva hakuwa na pa kupita.

Kisha nguzo ikatoa sauti nyingine, ya mwanamke mzee, na Subilaga aliijua kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Mimi ni Gwantwa wa Isange. Ni kweli. Uzi wa gome ni wangu. Nilimshika siku tisa, sikumuuliza mama yake ni nani. Mfuteni kwangu."

Mtu fulani katikati ya umati akasema Mungu wangu, taratibu, kama mtu anayejisemea.

Ikafuata sauti ya watu wa ziwani, nzito, yenye kukohoa. Ikafuata nyingine ambayo haikutaja kijiji, ilisema tu kwamba mtoto aliyemfunga yeye alikuwa wa kiume, ana kovu la sindano mguu wa kulia, anaomba kujua kama bado yu hai. Ikafuata nyingine, na nyingine. Watu wa Kitema walikaa chini kwenye nyasi zenye maji, na vitenge vyao vya sherehe, wakasikiliza mabibi wa nchi nzima.

Tarakimu ya chini haikubadilika. Nguzo iliandika mlezi amepokelewa, sifuri ikabaki sifuri, na Subilaga hakufurahi, kwa kuwa aliijua bei yake na aliyeilipa alikuwa Isange.

Tarakimu ya juu, ile iliyopigiwa ngoma mjini, ilianza kushuka. Ilishuka kidogo, ikangoja, ikashuka tena, kama mzee anayeteremka ngazi. Ilifika sifuri ikaipita. Ikawa nyekundu. Tuganile aliuliza itasimama wapi.

Subilaga alihamisha mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akaketi chini ya nguzo, akanyoosha miguu. Aliitazama tarakimu ile ikizidi kushuka, mbaya kuliko yoyote aliyopata kuiona maishani mwake, na ilikuwa ya kwanza aliyoiamini.